Shajara ya mradi: kitabu kidogo kabla ya oda

12 Januari. Mpango

Kila asubuhi ya kazi, kabla sijagusa oda ya mtu yeyote, natengeneza kitabu kimoja kidogo kwa mabaki yaliyomo karakanani. Muda ni nusu saa, ikizidi sana dakika 40. Kitabu hicho hakiuzwi, hakitangazwi, hakina mteja. Ndio mradi wote.

Sababu yake ni hii. Najalidi vitabu kwa mkono, na hiyo ndiyo kazi inayonilisha: madaftari, albamu, vitabu vya wageni. Oda zinaingia, sina la kulalamika. Ila zinafanana. Mteja anaona picha ya kazi niliyomfanyia mwenzake, naye anataka ile ile: kitambaa cha buluu, karatasi nyeupe, jina kwa rangi ya dhahabu pembeni. Mwaka jana uliisha nikiwa nimepata fedha ya prensi mpya, yaani mashine ya kubania vitabu, na sina hamu ya kuishika. Nilikuwa natazama saa mezani pangu mwenyewe, mimi niliyeacha ajira ili niachane na kutazama saa.

Dhana ninayoanza nayo: adui ni kurudiarudia. Kama ndivyo, dawa ni kitu kipya kila asubuhi. Naiandika hapa mapema ili baadaye nisije nikajidai kwamba nilijua.

Vifaa ni vile vile vya kila siku: msharasi wa kutobolea, sindano butu, uzi wa kitani, nta, mfupa wa kukunjia karatasi, kisu, rula ya chuma, gundi nyeupe, na sanduku la mabaki ambalo limekuwa likijaa kwa miaka bila kupunguzwa. Sanduku hilo ndilo mtaji. Sharti ni kwamba sinunui kitu kwa ajili ya mradi mpaka sanduku litakapokuwa limeonyesha kwa vitendo kwamba halinacho.

20 Januari. Kipya kila siku hakikufaa

Nimejaribu kitabu cha kunjakunja, kitabu cha kushonwa ubavuni kwa mtindo wa Kijapani, kijitabu cha mshono mmoja katikati, kitabu cha duara, na kitabu cha kuingia ndani ya kiberiti. Viwili tu ndivyo vilivyokamilika kwa namna ambayo ningethubutu kumwonyesha fundi mwenzangu. Cha duara sikukimaliza kabisa. Kukata karatasi za duara kwa kisu cha kawaida kulikula asubuhi nzima, na kingo zikatoka kama zimetafunwa na panya.

Nilidhani tatizo litakuwa muda wa kutengeneza. Sivyo. Muda uliishia kwenye kuamua. Umbo gani, ukubwa gani, mshono upi, jalada la nini, matundu mangapi, na kila jibu likidai kipimo kipya. Nikifika kwenye sindano, nguvu imekwisha. Halafu narudi kwenye oda nikiwa na kichwa kizito kuliko kama ningeanza nazo moja kwa moja.

Gharama ya hatua hii: kipande kizuri cha ngozi ya mbuzi nilichokuwa nimekihifadhi kwa muda mrefu, kimekatwa vibaya, hakirudi. Na albamu moja imechelewa. Mteja alikuwa muungwana, lakini nimepunguza malipo yake kidogo, maana mradi huu ni wangu na si haki yeye aulipie.

Kuna Mjapani mmoja, Yanagi Soetsu, ambaye mwaka 1925 pamoja na wafinyanzi Hamada Shoji na Kawai Kanjiro waliibuka na neno mingei kwa ajili ya kazi za mikono za watu wa kawaida, na mwaka 1936 akafungua jumba la makumbusho ya kazi hizo Tokyo. Yeye alisifu sana kurudia. Kwake, fundi aliyechora ua lile lile kwenye bakuli maelfu kwa maelfu anafika mahali mkono unaenda wenyewe bila majivuno, na hapo ndipo uzuri unapoingia. Siku zote nilimwona kama mtu anayesifia jasho la wengine, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mwanafalsafa, si mfinyanzi. Bado naona hivyo kwa kiasi fulani. Lakini baada ya kitabu cha duara nimelazimika kukiri kwamba katika hili ana hoja. Kushona fungu kwa fungu (fungu ni karatasi chache zilizokunjwa pamoja), mshono ule ule, hakujawahi kunichosha hata siku moja. Kinachonichosha kiko mahali pengine.

Dhana imegeuzwa. Kuanzia kesho umbo ni moja.

23 Januari. Umbo lenyewe

Kwa anayetaka kunakili, vipimo ni hivi. Kurasa zina urefu wa sentimita 7 na upana wa 5. Mafungu matatu, kila fungu karatasi nne zilizokunjwa katikati, jumla kurasa 48. Majalada mawili ya kadibodi ngumu ya milimita 2, yenye sentimita 7.4 kwa 5.2, ili yazidi kurasa milimita mbili juu, chini na mbele. Matundu manne mgongoni. Uzi wa kitani wa sentimita 50 uliopitishwa kwenye nta unatosha na kubaki.

Mshono ni wa Kikopti, ule uliotokana na vitabu vya Wakristo wa Misri wa karne za mwanzo. Nimeuchagua kwa sababu tatu: hauhitaji gundi mgongoni, kitabu kinalala wazi kabisa kikifunguliwa, na mnyororo wa uzi unaonekana kwa nje, kwa hiyo kosa halina pa kujificha. Kwa ukubwa huu kitabu kinaingia katika kundi la vitabu vidogo hata kwa kipimo cha wakusanyaji wa Marekani, ambao huweka mpaka kwenye inchi 3, yaani kama sentimita 7.6.

Nimetengeneza kigezo cha kutobolea kwa kadibodi, ili matundu yasipimwe upya kila asubuhi. Vigezo vya majalada na kurasa vimekatwa pia. Hapo dakika 40 zikaanza kutosha.

1 Februari. Majalada yanapinda

Tatizo la kwanza la kweli. Majalada ya wiki yote yamepinda kuelekea nje, mengine kiasi kwamba kitabu kikiwekwa mezani kinayumba. Kwenye oda hili halinitokei, ndiyo maana lilinichukua muda kulielewa.

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni mwelekeo wa nyuzi za karatasi. Karatasi ya kiwandani ina nyuzi zilizolala kwa wingi upande mmoja, kufuata mwendo wa mashine. Ikilowa gundi inapanuka zaidi kukatiza nyuzi kuliko kuzifuata. Ikikauka inasinyaa na kuvuta kadibodi iliyobandikwa. Kwenye oda nakata karatasi kubwa na kuzipanga nyuzi zote ziende sambamba na mgongo wa kitabu. Kwenye mabaki nilikuwa nakata kipande jinsi kinavyotosha, kwa hiyo nyuzi zilikwenda kila upande. Sababu ya pili: nilikuwa nabandika upande wa nje tu, kwa kuwa ndani hakuonekani sana kwenye kitabu kidogo. Upande mmoja unavuta, hakuna wa kuvuta kinyume.

Kujua mwelekeo kwenye kipande kidogo si rahisi kwa kukipinda mkononi kama tunavyofanya kwenye karatasi kubwa. Njia iliyonifaa: kata ukingo mwembamba, lowesha upande mmoja kwa kidole chenye maji, tazama. Karatasi inajiviringa yenyewe na kufanya kama mrija. Mrija huo umelala kufuata nyuzi. Sasa kila kipande kikiingia sandukuni kinachorwa mshale mdogo wa penseli upande wa nyuma. Kazi ya kuchora mishale kwenye mabaki ya miaka imekula jioni mbili, nayo ni jioni nzuri, maana nimekutana na vipande nilivyosahau kabisa.

Hilo limefichua jingine kubwa zaidi. Karatasi zangu za A4 kwa kawaida zina nyuzi zinazofuata urefu. Ukiikunja A4 katikati ipate A5, mkunjo unakatiza nyuzi. Ndiyo maana madaftari ya watu wengi wanaoanza yanakakamaa na hayataki kubaki wazi. Dawa ni kununua A3 yenye nyuzi za kufuata urefu, kuikata katikati, na kupata A4 mbili ambazo nyuzi zake zinafuata upande mfupi. Ukizikunja, mkunjo na nyuzi vinakwenda pamoja. Kwa vitabu vyangu vidogo kanuni ni ile ile. Nageuza tu kigezo mpaka mshale uwe sambamba na mgongo.

Marekebisho: mishale, karatasi ya ndani ya jalada yenye nyuzi za mwelekeo ule ule wa nje, na majalada kulala chini ya uzito usiku kucha. Majalada yanatengenezwa leo, yanashonwa kesho. Mpindo umekwisha.

9 Februari. Kitu kimoja tu

Sasa ndipo mradi ulipoanza kunilipa. Sharti jipya: kila kitabu kinatofautiana na cha jana kwa jambo moja tu. Umbo, vipimo, mshono na idadi ya mafungu havibadiliki. Jambo lililobadilika linaandikwa kwa penseli ndani ya jalada la nyuma.

Juzi nilisogeza tundu la pili milimita tatu kuelekea juu. Basi. Minyororo minne ya uzi, ambayo siku zote ilikuwa imesimama kwa nafasi sawa kama askari, ikawa na pengo upande mmoja, na kitabu kikapata kichwa na miguu. Nilikigeuza juu chini: kikawa kizito. Nilikigeuza tena. Nilikuwa nimesimama na kitabu cha ukubwa wa nusu ya kiganja nikikitazama mgongo, na chai imepoa. Jana tundu la tatu nikalisogeza kulifuata la pili, na leo nimerudi kwenye nafasi sawa ila uzi ni wa rangi ya matofali. Kesho najua tayari nitafanya nini. Kujua hivyo jioni, kabla ya kulala, ni kitu ambacho sikuwa nacho kwa muda mrefu.

Naona sasa adui alikuwa nani. Kwenye oda kila jambo limeshaamuliwa kabla sijakaa. Kwenye wiki ya kwanza ya mradi hakuna lililokuwa limeamuliwa. Huku hakuna pa kucheza, kule hakuna pa kusimama. Swali moja lililo wazi, na mengine yote yamefungwa, ndicho kiasi ambacho mkono wangu unakiweza asubuhi. Mwingine huenda akaweza mawili.

Jambo la kutahadharisha: ukibadilisha jambo moja, mara nyingi linaburuta la pili. Uzi mnene zaidi unataka tundu kubwa zaidi, na tundu kubwa linadhoofisha karatasi. Nimeamua kwamba linaloburutwa linaruhusiwa, mradi limelazimika.

16 Februari. Picha zimesimamishwa

Niliposema hakitangazwi nilimaanisha tangazo la kuuza. Nikajiruhusu picha moja kila asubuhi kwa marafiki. Ndani ya muda mfupi nikajikuta nachagua rangi ya uzi kwa kufikiria itakavyotokea kwenye picha, na sogezo la milimita tatu likaonekana halina maana kwa kuwa kwenye picha halionekani. Nimeacha. Picha zinapigwa mwisho wa mwezi, zote pamoja, kwa ajili ya kumbukumbu. Sina zaidi la kusema juu ya hili.

3 Machi. Ebru: hatua iliyogharimu kuliko zote

Sanduku la mabaki lina vitambaa na ngozi tele, lakini karatasi za rangi zimeisha. Sharti linaruhusu kununua. Nikataka ebru, sanaa ya Kituruki ya kunyunyiza rangi zikaelea juu ya maji mazito, kuzichora kwa kijiti au chanuo, kisha kulaza karatasi juu yake ili inase mchoro. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014. Kijadi maji hutiwa gundi ya mti ili yawe mazito, na rangi hutiwa nyongo ya ng'ombe ili zitawanyike bila kuchanganyika. Mimi nilikwenda njia ya mkato inayotumiwa na wengi siku hizi: karajini, unga unaotokana na mwani mwekundu, na rangi za akriliki.

Beseni la kwanza: viputo vya hewa vilijaa na kila kimoja kiliacha doa jeupe. Niliukoroga unga na kuutumia papo hapo. Karajini inataka kulala. Gramu 5 kwa lita moja ya maji, ikorogwe vizuri kwa mashine, ifunikwe, iachwe usiku kucha viputo vipande na kutoka.

Beseni la pili: rangi zilizama. Akriliki kutoka kwenye chupa ni nzito mno. Ilibidi niziongezee maji mpaka zifanane na maziwa, na kila rangi ina kiasi chake. Nyekundu yangu ilikubali haraka, nyeupe ilikataa hadi mwisho. Jaribu tone moja moja kwenye kikombe kabla ya kumwaga juu ya beseni zima, maana kilichozama kinaanza kuyachafua maji.

Beseni la tatu: mchoro ulipendeza juu ya maji, ukanasa kwenye karatasi, na nilipoisuuza karatasi ukateleza wote na kwenda na maji. Hapa nilipoteza muda mwingi. Karatasi za ebru hupakwa kwanza maji ya shabu, ile chumvi nyeupe ya kusafishia maji, ikauka kidogo, ndiyo inayoishika rangi. Nilikuwa nimepaka. Vijiko viwili vya chai vya shabu kwa kikombe cha maji, kama inavyotakiwa. Nikaongeza shabu, ikawa nafuu kidogo tu. Nikalaumu rangi, nikalaumu maji.

Kosa lilikuwa kwenye karatasi. Karatasi nyingi nyeupe za siku hizi zimewekwa chokaa, yaani kalisi kaboneti, ili ziwe nyeupe na zisigeuke manjano upesi. Ni jambo jema kwa kitabu. Lakini shabu ni asidi, chokaa inaimaliza nguvu, na hakuna kinachobaki cha kuishika rangi. Nilipojaribu kipande cha karatasi ya pamba isiyo na chokaa, rangi ilinasa mara ya kwanza na haikutoka hata chini ya bomba.

Gharama: karajini, shabu, rangi na karatasi ya pamba vimezidi kila kitu kingine nilichonunua kwa mradi huu. Karatasi zilizofaa ni chache, zinajaza bahasha moja. Na kuna hofu ndogo inayobaki: shabu iliyomo kwenye karatasi huidhoofisha kadiri miaka inavyopita, kwa hiyo naitumia kwenye majalada tu, si kwenye kurasa.

Je, nitaiendeleza? Hapana, si kwa mradi wa asubuhi. Ebru inadai siku nzima, beseni safi na sakafu yenye magazeti. Ina raha yake, kubwa, lakini si raha ya dakika 40. Beseni nimeliosha na kulipandisha juu ya kabati.

15 Machi. Uji wa wanga

Hii ndiyo iliyofaa, na ndiyo rahisi kuliko zote. Karatasi za uji: wanga unapikwa mpaka uwe mzito, unatiwa rangi, unapakwa kwenye karatasi yenye unyevunyevu, kisha unachorwa kwa chochote chenye meno. Kina dada wa jumuiya ya Wamoravia ya Herrnhut, Ujerumani, walikuwa wanazitengeneza na kuziuza kwa wajalidi katika karne ya 18. Hakuna shabu, hakuna beseni, na chokaa ya karatasi haina neno.

Vipimo vyangu: kijiko kimoja cha wanga wa mahindi kwa vijiko vinane vya maji. Koroga kwanza kwa maji baridi, kisha weka motoni na usiache kukoroga mpaka weupe utoke na uji ung'ae. Chuja. Upoe. Gawa kwenye vikombe, tia akriliki. Karatasi lowesha kwa sponji na uilaze juu ya plastiki ngumu, paka uji kwa brashi pana, chora.

Chanuo nimezikata kwenye plastiki ya vifuniko. Kadi ya zamani iliyokatwa meno yasiyolingana ndiyo inayotoa kazi nzuri kuliko zote: ukiivuta kwa mawimbi kushoto kulia, halafu ukaikatiza mara moja kutoka juu, mistari inayokutana inajikunja na kufanya kitu kama magamba ya samaki, na pale uji ulipokuwa mwingi rangi inajikusanya kwenye ukingo wa kila gamba na kukoza. Ukikosea, piga brashi juu yake, anza upya. Hakuna karatasi inayopotea.

Yaliyoharibika: uji ulioachwa mezani uliota ukungu wa kijani. Siku hizi natia matone machache ya mafuta ya karafuu, dawa ya zamani ya wajalidi, na kikombe kinakaa kwenye jokofu kikiwa na lebo kubwa, kwa sababu za wazi. Pili, karatasi zilizokauka zilishikana nilipoziweka chini ya uzito bado zina unyevu. Zisubiri zikauke kabisa, kisha zipigwe pasi ya uvuguvugu upande wa nyuma, ndipo zibanwe.

Karatasi moja kubwa inatoa majalada ya kutosha wiki na zaidi. Kwa hiyo uji ni kazi ya jioni moja moja, na asubuhi inabaki ya kitabu.

27 Machi. "Fundi, hiki bei gani?"

Mteja aliyekuja kuchukua albamu aliliona sanduku la vitabu vidogo. Akashika kimoja, cha magamba ya kijani na uzi wa njano.

"Fundi, hiki bei gani?"

"Hicho si cha kuuza, dada yangu."

"Kila kitu ni cha kuuza, fundi. Nitajie tu."

Nikamtajia bei niliyodhani itamkatisha tamaa. Akalipa.

Asubuhi iliyofuata mkono ulikwenda wenyewe kwenye karatasi ya kijani. Na iliyofuata hiyo pia. Nilijiambia ni kwa sababu karatasi ilikuwa juu ya rundo. Nilipoandika "kijani, uzi wa njano" ndani ya jalada kwa mara nyingine, huku mabadiliko ya kitabu hicho yakiwa hayaonekani popote, nikatambua kwamba nimeanza kupokea oda ambayo hakuna aliyeiagiza.

Jibu la haraka ni kufuli: kisitoke hata kimoja. Nimelifikiria, nikamkumbuka T. J. Cobden-Sanderson. Alikuwa wakili Uingereza, akaacha sheria akiwa amepita miaka 40, na mwaka 1883 akaanza kujifunza kujalidi. Akawa mmoja wa wajalidi wanaoheshimika hadi leo. Baadaye akaanzisha na Emery Walker kiwanda cha uchapaji, Doves Press, wakatengenezewa herufi za chuma za pekee. Walipogombana, mzee yule, ili herufi zile zisije zikamwangukia mwenzake, alizibeba usiku kidogo kidogo na kuzitupa mtoni Thames kuanzia 1916 hadi 1917. Baadhi yake ziliopolewa mwaka 2014. Napenda kazi yake, ila sitaki kuwa na kitu ambacho ningependa zaidi kizame kuliko kishikwe na mwingine.

Kwa hiyo kufuli hapana. Kanuni niliyoiweka: kitabu kinaweza kutoka baada ya mwisho wa mwezi, kikishapigwa picha na badiliko lake kunakiliwa kwenye daftari kuu. Kinaweza kuuzwa au kutolewa zawadi. Hakiwezi kuagizwa. Anayekitaka anachagua kilichopo. Na asubuhi ya baada ya mauzo, rangi ya kilichouzwa hairuhusiwi. Mpaka sasa inafanya kazi.

14 Aprili. Inavyoingia kwenye oda

Sikulipanga hili. Karatasi za uji zilianza kuingia ndani ya majalada ya oda, pale mteja aliposema "ndani weka unachoona kinafaa". Wengi walikuwa wanasema hivyo siku zote; mimi nilikuwa naweka nyeupe bila kufikiri. Sasa kila oda naitafuta sehemu ambayo mteja hakuisemea: uzi wa ndani, utepe wa kichwani, kona ya jalada. Hiyo ndiyo inayobadilika, na ni moja tu.

Imeniponza mara moja. Mteja alipofungua daftari na kukuta uzi wa rangi ya chungwa katikati ya kila fungu, uso wake ulibadilika. Alikuwa hajasema chochote kuhusu uzi kwa kuwa hakuna mtu anayewaza kuuliza uzi. Nimefumua na kushona upya kwa mweupe, jioni nzima, bila malipo. Kufumua mshono bila kutanua matundu kunawezekana ukikata kila fungu ndani na kuvuta uzi kuelekea ndani, si nje.

Tangu hapo fomu ya oda ina mstari mmoja zaidi: "Je, kuna sehemu moja ya kitabu hiki unayoniachia?" Wengine wanaandika hapana, na sawa. Wanaoandika ndiyo mara nyingi hutaja karatasi za ndani. Mmoja aliandika "mgongo", na ile ndiyo oda niliyoifurahia kuliko zote mwaka huu.

30 Aprili. Hesabu mpaka sasa

Muda: ni karibu nusu saa ya asubuhi. Oda hazijapungua wala kuchelewa tena tangu ile ya kwanza, kwa sababu naanza kuzishughulikia nikiwa nimeshaamka mikono. Hilo ndilo maelezo pekee niliyonayo.

Vifaa: nje ya ebru, nimenunua uzi wa rangi, wanga na akriliki kidogo. Sanduku la mabaki limepungua hadi nusu, na kwa mara ya kwanza nakata oda nikiwa nawaza mabaki yatakayobaki yawe na umbo gani.

Asubuhi zilizorukwa: zipo, za homa na za safari. Hazilipwi. Nilijaribu kulipa deni la siku mbili kwa kutengeneza vitabu viwili kwa mkupuo, na cha pili kilikuwa kazi tu, kama oda mbaya. Daftari kuu linaruka tarehe na kuendelea.

Kwa anayetaka kuiga na si mjalidi: umbo lako liwe dogo kiasi cha kumalizika kwa mkao mmoja, litumie kile unachokitupa, na vigezo vyote vikatwe kabla ya kuanza. Mfinyanzi atapata shida na kungoja tanuri. Rafiki yangu wa ufinyanzi anafanya kwa vikombe vibichi na kuvichoma kwa pamoja, anasema inawezekana lakini badiliko la rangi analiona akiwa ameshalisahau.

Hatua inayofuata ni kingo za kurasa. Zinabanwa kwenye prensi kati ya mbao mbili, zinapigwa msasa mpaka ziwe laini, ndipo rangi nyembamba inapakwa kwa sponji isiyo na maji mengi. Jaribio la leo rangi imepenya ndani karibu sentimita nzima na kurasa zimeshikana. Nadhani mbao zilikuwa pungufu kwa urefu, hazikubana kingo zenyewe. Kesho mbao ndefu zaidi, na rangi kavu zaidi. Hapana, mbao tu. Rangi itangoja keshokutwa.